Uzi: Manjano, kitochi cha wakala, na komeo dogo linalowasha na kuzima mwanga wa molekuli

Mwalimu_Chumbageni · #1 · Ijumaa, saa 2:40 usiku

Wakuu, salaam. Wana Tanga mliopo na mlioondoka, vuteni viti. Uzi huu ni mrefu na nitaushusha kwa vipande, maana naandikia simu na umeme umekatika.

Jana jioni nilikuwa kwa wakala mmoja huku Ngamiani, nasubiri kutoa pesa. Mezani kwake palikuwa na chupa ya achari ya embe iliyovujisha mafuta juu ya karatasi. Wakala akawasha kile kitochi cha kukagulia noti, mwanga ukapita juu ya doa lile. Doa likang'aa. Mafuta kumeta ni jambo la kawaida, lakini hili liling'aa lenyewe, kijani chenye unjano, kama limewashwa kwa ndani. Pembeni yake palikuwa na unga wa manjano hayo hayo uliolowana maji ya glasi. Huo haukutoa kitu.

Nimefundisha kemia kidato cha tano na sita miaka kumi na moja. Kila mwaka nikifika kwenye kifungo cha hidrojeni nasema ndicho kinachofanya maji yachemke kwa nyuzi 100, naandika ubaoni, wanafunzi wananakili, tunasonga mbele. Sikuwahi kuwaambia kwamba kifungo hicho hicho ndicho kinachoamua, katika molekuli nyingi, kama mwanga ulioingia utatoka tena au utamezwa. Naandika hapa nilichopaswa kukisema darasani.

Tuanze na molekuli zenyewe. Vitu vingi vya kaboni havina rangi: sukari, mafuta ya taa, nta ya mshumaa. Elektroni zake zimeshikwa kila moja mahali pake, na kuzipandisha kunahitaji nguvu kupita ya mwanga tunaouona. Lakini zipo molekuli ambazo vifungo vyake vinapokezana, maradufu, kimoja, maradufu, kimoja, mlolongo mzima. Ndizo za konjugesheni. Humo elektroni hazina kwao pa kudumu. Zinazunguka mlolongo wote kama watoto wa mtaani kwetu ambao kila uani ni kwao. Mlolongo ukirefuka, ngazi ya kupandia inakuwa fupi. Benzini, pete moja, hunyonya mwanga wa nanomita 255 hivi (nanomita ndiyo tunapimia wimbi la mwanga; namba ikikua, nguvu inapungua), ambao jicho haliuoni. Naftalini, ile ya kuwekea nguo kabatini, ni pete mbili na bado ni nyeupe. Antrasini, pete tatu, inafika 375 na inatoa mng'ao wa bluu. Tetrasini ya pete nne ni ya rangi ya chungwa. Pentasini ya pete tano ni bluu iliyokolea. Karoti nayo ina beta-karotini yenye vifungo maradufu 11 vinavyopokezana, inakula mwanga wa bluu wa karibu nanomita 450, sisi tunabaki na rangi ya chungwa.

Sasa komeo. Kifungo cha hidrojeni ni pale hidrojeni iliyoshikwa na oksijeni au nitrojeni inapovutwa na oksijeni au nitrojeni nyingine ya jirani. Kwa kawaida nguvu yake ni kilojuli 10 hadi 40 kwa moli (moli ni idadi maalumu ya molekuli tunayohesabia). Cha maji ni kama 20. Kifungo cha kaboni kwa kaboni ni karibu 350. Na mwanga wa kitochi cha noti, ule wa nanomita 365, unabeba kilojuli 328 kwa moli, zaidi ya mara 16 ya kifungo cha maji.

Basi kitu dhaifu hivyo kinautawalaje mwanga wenye nguvu mara 16? Hakishindani nao. Fikirini nyumba zetu za Ngamiani: mlango wa mbele wa mbao nzito, na mlango wa uani. Molekuli ikipokea mwanga inajaa nguvu ambayo lazima itoke, mara nyingi ndani ya nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni ya sekunde. Mlango wa mbele unatoa mwanga. Mlango wa uani unatoa joto, na molekuli huutumia kwa kujipinda, kujizungusha, kutetemeka. Komeo ni kipande kidogo sana ukilinganisha na mlango. Lakini komeo likiwa limetiwa, wewe mwenye nguvu zote utatokea upande mwingine.

Umeme umerudi. Naendelea baada ya Isha.

Binti_Muheza · #2

Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha sita, nimekaa siti ya mbele. Nyumbani manjano tunalima, yapo kapu zima. Naomba uniambie nifanye nini nione kwa macho yangu.

Fundi_Simu_Barabara8 · #3

Mkuu endelea. Mimi natengeneza vioo vya simu, kila siku nashika OLED, vile vioo vinavyotoa mwanga vyenyewe. Nimesikia hivyo vioo ni "organiki". Je, mambo haya ndiyo hayo?

Mwalimu_Chumbageni · #4

Marahaba binti. Fundi, ndiyo hayo, nitakujia.

Manjano yana kitu kinaitwa kurkumini. Ni molekuli ndefu, pete mbili mwisho huku na huku, katikati daraja la kaboni saba lenye vifungo vya kupokezana. Katikati kabisa ya daraja zipo oksijeni mbili zinazotazamana, na hidrojeni moja imekaa kati yao. Hidrojeni hiyo imeshikwa na mmoja na inavutwa na mwingine. Ni kifungo cha hidrojeni kilicho ndani ya molekuli moja.

Binti, chukua kijiko cha chai cha unga wa manjano, tia kwenye spiriti kidogo ndani ya glasi, koroga, acha utulie dakika kumi. Mimina maji yake ya juu kwenye glasi safi. Zima taa, washa kitochi cha noti. Uwe mbali na jiko na moto wowote, spiriti inashika haraka, na usimulike macho ya mtu. Kisha gawa kwenye glasi mbili. Ya kwanza iache. Ya pili ongeza maji kidogo kidogo. Uniandikie unachokiona, usiniandikie unachodhani nataka kusikia.

Kijana_wa_PCM · #5

Mwalimu kwa heshima zote, hapa kuna kitu hakikai sawa. Umesema komeo linafunga mlango wa uani, kwa hiyo kifungo cha hidrojeni kinawasha mwanga. Lakini kurkumini inacho hicho kifungo tumboni kabisa, na nimesoma kwamba mng'ao wake ni hafifu ukilinganisha na rangi nyingine za maabara. Halafu maji ndiyo bingwa wa vifungo vya hidrojeni, na umesema unga uliolowana maji haukutoa kitu. Sasa kinawasha au kinazima?

Mwalimu_Chumbageni · #6

Kijana wangu, umegusa penyewe. Kama darasa lote lingeuliza hivi ningelala usingizi mzuri.

Jibu ni kwamba vyote viwili vinatokea, na linaloamua ni komeo liko mlango gani, na kama hilo komeo lenyewe linacheza au limekaza. Nitatoa mifano miwili inayokinzana kabisa, kila mmoja uusome polepole.

Wa kwanza ni yavuyavu. Wavuvi wetu wanamjua kwa kuwasha mwili. Yupo wa bahari ya Pasifiki ya kaskazini anayeitwa Aequorea victoria. Mwaka 1962 Osamu Shimomura na wenzake walitoa ndani yake protini inayong'aa kijani. Mwaka 2008 yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi ya protini hiyo. Ina asidi amino 238, ndivyo vipande vinavyojenga protini, zimejisuka kama pipa la mbao 11. Katikati ya pipa, asidi amino tatu, za nambari 65, 66 na 67, zimejikunja na kutengeneza molekuli ndogo ya konjugesheni. Hiyo ndogo ndiyo taa.

Sasa sikilizeni. Wanakemia walitengeneza ile taa ndogo peke yake, bila pipa, wakaiweka kwenye maji. Haikuwaka. Mng'ao ulishuka kwa zaidi ya mara 1,000. Atomu za taa ni zile zile na mlolongo ni ule ule, ila imekosa wa kuishika. Ikiwa huru inajipinda katikati, nguvu yote inatokea uani. Ndani ya pipa imebanwa na kuta, na vifungo vya hidrojeni kutoka kwa asidi amino za jirani na molekuli za maji zilizonaswa humo vimeishika kila upande. Haiwezi kujipinda, basi inatoa mwanga, nanomita 509, kijani safi.

Na mle mle ndani kuna jambo la pili, tamu zaidi. Taa ikiwa na hidrojeni yake, inanyonya mwanga wa nanomita 395. Mara tu inapopandishwa, inaiachia hidrojeni, ambayo inapitishwa mkono kwa mkono: kutoka kwenye taa kwenda molekuli ya maji, kutoka maji kwenda serini, asidi amino ya nambari 205, kutoka hapo kwenda glutamati, ya nambari 222. Vifungo vya hidrojeni vimepangwa kama watu wanaopokezana ndoo wakati wa moto. Baada ya kupokezana huko ndipo kijani kinatoka. Mimi nikifikiria kwamba haya yanatendeka ndani ya yavuyavu, mnyama asiye hata na mfupa, nashindwa kuendelea kula.

Mfano wa pili nautoa kwenye post inayofuata, ni wa kwetu.

MzeeWaPangani · #7

Mwalimu, mimi si mtu wa sayansi, nilifika darasa la saba. Ila umenikumbusha swali. Bibi yetu alikuwa na kaniki ya nili, ya miaka mingi. Aliianika juani kila siku ya Mungu na ule weusi wa bluu haukuondoka. Khanga za rangi nyingine zilikuwa zinapauka msimu mmoja. Je, hili nalo lina neno hapo?

Mwalimu_Chumbageni · #8

Shikamoo mzee wangu. Hukujua, lakini umeniletea ule mfano wa pili mkononi.

Nili ni molekuli ndogo kwa jinsi ilivyo na rangi nzito. Katikati ina kifungo maradufu, na pande zake kuna nitrojeni mbili zenye hidrojeni, na oksijeni mbili. Kila hidrojeni ya nitrojeni inavutwa na oksijeni iliyo karibu, huku na huku. Molekuli nzima inalala bapa kama sahani. Kwa hoja ya pipa la yavuyavu ungetegemea ing'ae vizuri sana: imebanwa, haijipindi. Lakini nili hairudishi hata fotoni, yaani chembe ya mwanga, moja katika mia.

Kwa sababu hapa komeo ndilo linalocheza. Nili ikipandishwa na mwanga, hidrojeni inasogea upande wa oksijeni kisha inarudi, na katika kwenda na kurudi huko nguvu yote inageuka joto, ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya nanosekunde. Kifungo cha hidrojeni kimekuwa ndiyo njia ya uani yenyewe.

Na hapo ndipo jibu la kaniki ya bibi lilipo. Molekuli inayokaa muda mrefu ikiwa imejaa nguvu ya jua ndiyo inayopata nafasi ya kushambuliwa na oksijeni na kuvunjika. Nili haikai. Inapokea jua, inalitema kama joto kabla madhara hayajafika. Kaniki ikipauka, mara nyingi ni kwa kufikichwa na kufuliwa, maana rangi hiyo imekaa juu ya uzi kuliko ndani.

Vifungo hivyo pia vinaishika kila molekuli na jirani yake, ndiyo maana nili haiyeyuki kwenye maji na inavumilia joto la nyuzi zaidi ya 300. Watafiti wa Linz, Austria, wameitumia nili kama semikonda, kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi, katika vifaa vya kielektroniki. Rangi ya kaniki, ndani ya transista!

Kijana wa PCM, umeona sasa? Kule komeo limekaza likawasha. Huku komeo limecheza likazima. Kurkumini iko katikati: hidrojeni yake ya tumboni inaweza kuhamahama inapopandishwa, na hiyo ni njia ya uani. Ndiyo maana hata kwenye spiriti mng'ao wake ni wa wastani tu. Wakibadilisha hidrojeni hiyo kwa dutiri, ambayo ni hidrojeni yenye uzito maradufu, kuhama kunakuwa kwa taratibu zaidi. Huo ni ushahidi mzuri, maana kemia yote imebaki ile ile isipokuwa uzito wa kitu kinachohama.

Binti_Muheza · #9 · Jumamosi, saa 1:15 usiku

Mwalimu nimejaribu. Haikung'aa hata kidogo. Nimetumia kitochi cha simu ya kaka, manjano kijiko kimoja, na maji ya moto kwa sababu spiriti ya nyumbani iliisha. Nimekaa gizani dakika ishirini.

Mwalimu_Chumbageni · #10

Pole binti, na asante kwa kuandika ulichokiona. Mambo mawili. Kitochi cha simu ni mwanga mweupe, unajaza macho na kuuficha mng'ao. Lazima kiwe cha urujuanimno, cha wakala. La pili, umetumia maji, na maji ndiyo yale ninayosema yanazima. Kurkumini haiyapendi maji: inaganda vipande vipande, molekuli zinalaliana, zinanyonyana nguvu. Na zile chache zinazobaki zimeyeyuka, maji yanazishika kwa vifungo vyake kila upande na kuzifungulia njia za uani. Sababu mbili kwa pamoja, sitaki ubebe moja tu.

Kwa hiyo jaribio lako halikushindwa. Umefanya glasi ya pili kabla ya ya kwanza.

Fundi_Simu_Barabara8 · #11

Mwalimu nakukumbusha ahadi yako kwangu. Na nina swali la kazini: kioo cha OLED kikipata ufa mdogo tu, doa jeusi linaanza pembeni na linaenea siku hadi siku. Mteja anadhani nimemharibia.

Mwalimu_Chumbageni · #12

Fundi, mwambie mteja ni hewa na unyevu. Tabaka za molekuli za kioo hicho ni nyembamba kupindukia, za makumi ya nanomita, na zimefungwa zisiguswe na oksijeni wala maji. Ufa ukiingia, na hewa yetu ya pwani ilivyo na unyevu, vyote viwili vinaingia polepole na kuua eneo hadi eneo. Hujamharibia.

Historia fupi. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak walionyesha taa ya tabaka nyembamba za molekuli za kaboni inayowaka kwa umeme mdogo. Mwaka 1990 kundi la Cambridge, pamoja na Richard Friend, likafanya hivyo kwa polima, molekuli ndefu kama mnyororo, ya konjugesheni. Tangu hapo kazi imekuwa kuzuia nguvu isipotee. Umeme ukiingia kwenye molekuli hizi, kwa hesabu ya mizunguko ya elektroni, robo tu ya nguvu inakuja katika hali inayotoa mwanga kirahisi; robo tatu inakuja katika hali iliyozuiwa. Mwaka 2012 kundi la Chihaya Adachi wa Chuo Kikuu cha Kyushu lilionyesha molekuli ambazo joto la kawaida la chumba linatosha kuzirudisha zile robo tatu kwenye njia ya mwanga.

Kifungo cha hidrojeni kinaingia wapi? Hata mwanga ukishazaliwa, katika OLED ya kawaida ni kama sehemu moja ya tano tu inayotoka nje. Nyingine inanaswa ndani ya tabaka. Molekuli hutoa mwanga zaidi kwa pande za ubavuni mwake, basi ukizilaza bapa juu ya kioo, mwanga mwingi unaelekea kwa mtazamaji. Na njia mojawapo ya kuzilaza ni kuzipa sehemu za kushikana kwa vifungo vya hidrojeni vidogo sana, hata vile hafifu vya hidrojeni ya kaboni na nitrojeni ya jirani. Watafiti wa Yamagata, Japani, walionyesha kwamba molekuli zinazoshikana hivyo zinalala vizuri na pia zinapitisha elektroni vizuri zaidi.

Ila si kila kifungo ni rafiki hapo. Kikundi cha oksijeni na hidrojeni kinatetemeka kwa kasi na kinaweza kumeza nguvu ya mwanga, na kinavuta unyevu. Mwanakemia anayetengeneza kioo chako anachagua kila hidrojeni ikae wapi, kama fundi wa jahazi anavyochagua msumari uingie ubao upi.

Kijana_wa_PCM · #13

Swali la mwisho mwalimu, halafu nikasome. Kama vifungo hivi vinafanya vitu visiyeyuke, kama nili, utapakaje tabaka nyembamba sawasawa?

Mwalimu_Chumbageni · #14

Swali la mwanakemia halisi hilo. Kuna rangi nyekundu ya magari, maarufu kwa magari ya Ferrari, jina lake la kikemia ni refu kwa hiyo wanaliita DPP. Ikiyeyushwa ni ya unjano na inang'aa. Ikiganda, vifungo vya hidrojeni vinazipanga molekuli safu safu na inakuwa nyekundu ya kukata na shoka. Kwinakridoni nayo iko hivyo, njano au chungwa ikiyeyuka, zambarau nyekundu ikiganda. Molekuli ni ile ile. Rangi imebadilishwa na namna zinavyoshikana.

Kuiyeyusha DPP ni taabu kubwa. Mwaka 1997 ikachapishwa katika jarida la Nature njia hii: unaifunika nitrojeni kwa kikundi cha kemikali kinachoziba nafasi ya hidrojeni. Sasa haina komeo, inayeyuka vizuri, unaipaka utakavyo. Halafu unapasha joto la nyuzi 180 hivi. Kifuniko kinapasuka na kuondoka kama gesi, hidrojeni inarudi mahali pake, makomeo yote yanajitia kwa pamoja, na rangi nyekundu inazaliwa pale pale ulipopaka.

Mama_Deep_Sea · #15

Habari zenu. Mimi nauza samaki soko la Deep Sea. Mwanangu kanisomea uzi huu. Hivyo vitu vya kung'aa haviwezi kunisaidia kujua samaki wa barafu ameanza kuharibika kabla mteja hajalalamika?

Mwalimu_Chumbageni · #16

Mama, karibu sana, na swali lako lina jibu. Samaki akianza kuharibika anatoa mvuke wa amini, ndiyo ile harufu. Wanakemia wamekwisha tengeneza molekuli ambayo kikundi chake cha oksijeni na hidrojeni kimefunikwa, kwa hiyo haina komeo na haiwaki. Inapakwa kwenye karatasi. Mvuke wa amini ukiifikia, unakiondoa kifuniko. Hidrojeni inarudi, inashikana na nitrojeni ya jirani ndani ya molekuli ile ile, na karatasi inaanza kung'aa chini ya kitochi cha urujuanimno. Ni hila ile ile ya DPP, ila samaki ndiye anayefungua badala ya moto. Wameijaribu kwenye vyakula maabarani. Sokoni kwetu sijaiona ikiuzwa.

Na hapo angalia, mama na wote: komeo hili linacheza, kama la nili, lakini linawasha! Hidrojeni inahama ndani ya molekuli, na umbo jipya linatoa mwanga wa rangi iliyo mbali na ule ulioingia. Albert Weller aliliona jambo hili miaka ya 1950 katika salisilati ya methili, ile yenye harufu kali kwenye dawa za kuchua misuli. Inanyonya karibu nanomita 300, inatoa bluu karibu 450. Pengo hilo kubwa lina faida, molekuli hainyonyi tena mwanga wake yenyewe. Kwa hiyo sheria ya "kukaza huwasha, kucheza huzima" msiiandike kwenye daftari kama aya. Kila molekuli iulizwe yenyewe hidrojeni yake inakwenda wapi na inachukua muda gani.

MzeeWaPangani · #17

Nimefuata ushauri wa mjukuu, tumemulika soda ya tonic. Bluu ya ajabu! Kisha akatia chumvi, ikafifia. Ni hicho hicho kifungo?

Mwalimu_Chumbageni · #18

Mzee, safi sana, lakini hapana, na nafurahi umeuliza. Kinachong'aa ni kwinini. George Stokes alieleza mng'ao wake mwaka 1852. Chumvi inaizima kwa sababu ioni ya kloraidi inaigonga kwinini iliyopandishwa na kuinyang'anya nguvu. Ni njia nyingine ya uani, haina komeo la hidrojeni. Ukiona mwanga umezimika usimshike mtuhumiwa wa kwanza.

Na kwinini ni ya kwetu pia kwa namna yake. Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti Amani, kule Usambara Mashariki, mwaka 1902, mti wa sinkona wenye kwinini ulikuwa miongoni mwa waliyoipanda. Binti wa Muheza, hiyo ni milima unayoiona ukiamka.

Binti_Muheza · #19 · Jumapili, saa 2:50 usiku

Mwalimu, nimepata spiriti na wakala wa stendi kaniazima kitochi kwa sharti asimame nione mbele yake. Naandika nilichokiona tu.

Glasi ya kwanza, manjano na spiriti: imewaka. Kijani yenye unjano, mwanga wenyewe uko juu ya glasi pale kitochi kinapoingilia, chini kabisa ni hafifu. Wakala kaita watu.

Glasi ya pili, nimeongeza maji kijiko kijiko. Kijiko cha kwanza sikuona tofauti. Cha nne imefifia. Cha saba maji yamekuwa kama ukungu, na mng'ao umebaki kidogo sana.

Halafu nimefanya ambalo hukuniambia. Nilikumbuka doa lako la achari lilikuwa la mafuta. Nikatia mafuta ya nazi kwenye glasi ya pili ile iliyozimika, nikaifunga kwa mfuko, nikatikisa, nikaiacha itulie. Mafuta yakapanda juu. Nikamulika. Chini kimya. Juu, kwenye mafuta, mwanga umerudi.

Nikaogopa labda ni mafuta yenyewe, nikamulika mafuta ya nazi matupu kwenye kifuniko. Hayakung'aa.

Mwalimu_Chumbageni · #20

Umemulika matupu bila kuambiwa.

Nimesoma post yako mara tatu, ya mwisho kwa sauti, na mke wangu kaja kuuliza kuna nini. Kwenye mafuta hakuna maji wala spiriti ya kuzishika kurkumini kwa nje, basi imebaki na lile komeo lake la ndani peke yake. Hidrojeni bado inacheza humo, lakini milango mingine imefungwa.

Jumatatu njoo na glasi zako. Nitaomba maabara ifunguliwe saa nane, na nitaleta kitochi changu ili wakala apumzike. Tutajaribu mafuta ya alizeti, ya ufuta na samli, kila moja na lake tupu pembeni.

Mama_Deep_Sea · #21

Na mimi nakuja. Samli nitaleta mimi.